Tazama, Hakikisha, Usiige: Somo Kuhusu Vipindi vya Majaribio ya Ajabu Katika Televisheni

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyemfundisha mwanadamu yale asiyoyajua. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu wanafunzi, na nyinyi wazazi wapenzi mnaosoma jarida letu, naanza somo hili kwa kuungama kosa langu. Jioni moja baada ya swala ya Alasiri, tukiwa katika darsa ya tajwidi, mtoto mmoja wa miaka 11 alinyoosha mkono akaniuliza, "Ustaadh, mtu akiruka kutoka juu akiwa ameshika mwavuli, mwavuli utamzuia asiumie?" Wenzake wakacheka. Mimi nikamwambia, "Nyamaza usome, hapa si mahali pa mambo ya televisheni." Akanyamaza. Siku ya tatu yake aliupanda ukuta wa nyuma wa madrasa yetu akiwa na mwavuli wa mama yake, akaruka. Mwavuli ukapinduka na mkono ukavunjika. Mkono huo ulifungwa hogo wiki kadhaa, naye akawa hawezi kuandika ubao wake.

Nilipokwenda kumtazama nyumbani, mama yake hakunilaumu. Aliniambia tu, "Ustaadh, alisema alikuuliza." Neno hilo bado ninalo moyoni. Mtoto alikuwa na swali, na swali lisilopata jibu kwa mwalimu hutafuta jibu ukutani. Ndiyo maana nimeandika somo hili.

1. Vipindi hivi ni vipi?

Wengi wenu mnavijua kuliko mimi. Ni vile vinavyoonyesha watu wakilipua mapipa, wakigongesha magari, wakirusha vitu angani na kumwaga dawa za maabara ndani ya maji, na huku wakisema kwamba wanafundisha sayansi. Zamani tulivitazama kwenye televisheni peke yake, na siku hizi vipande vyake vinapita katika simu za mkononi, tena vifupi, bila maelezo, na bila maneno ya tahadhari yaliyokuwa mwanzoni.

Kilichopata umaarufu mkubwa zaidi kinaitwa MythBusters. Kilianza mwaka 2003 katika Discovery Channel, na watangazaji wake wa asili, Adam Savage na Jamie Hyneman, walikiendesha hadi mwaka 2016. Hawakuwa maprofesa. Walikuwa mafundi wa kutengeneza vifaa na vituko vya filamu, na karakana yao ilikuwa San Francisco, Marekani. Kazi ya kipindi ilikuwa kuchukua kisa kinachosimuliwa na watu, kukijaribu kwa vitendo, kisha kukihukumu kwa hukumu moja kati ya tatu: kwamba ni uzushi, kwamba yawezekana, au kwamba kimethibiti.

Mwanafunzi aliyewahi kusikia darsa ya hadithi atatabasamu hapo. Maulamaa wetu walikuwa wakizipima habari na kuzipanga katika daraja karne nyingi kabla ya televisheni. Hatusemi kwamba mambo haya mawili ni sawa, kwani hadithi ni dini. Tunasema tu kwamba tabia ya kutokubali kila linalosemwa hatukuipokea kutoka kwa watu wa televisheni.

2. Lililo jema: kuhakikisha

Mwenyezi Mungu (S.W.) katika Suratul Hujurat, aya ya 6, ametuamrisha tukijiwa na habari na mtu asiyeaminika tuihakikishe kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na katika Suratul Israa, aya ya 36, ametukataza kuyafuata mambo tusiyo na ujuzi nayo, akatukumbusha kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Naye Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba yatosha mtu kuhesabiwa muongo ikiwa anasimulia kila analolisikia.

Tutazame mfano mmoja. Kuna kisa mashuhuri kwamba Archimedes, mwanahesabu wa Kiyunani, aliziunguza jahazi za Warumi zilizouzingira mji wake wa Syracuse, katika kisiwa cha Sicily, kwa kuzimulika kwa vioo vilivyokusanya mwanga wa jua. Mji ule ulitekwa mwaka 212 kabla ya Miladia. Kisa kinapendeza. Lakini mwanahistoria Polybius, aliyeishi karibu na zama zile na akaeleza mitambo ya Archimedes katika vita hivyo, hakutaja vioo. Habari za kuunguza jahazi zilikuja kuandikwa karne kadhaa baadaye. Mwanafunzi wa hadithi atauliza hapo hapo: je, sanadi iko wapi?

MythBusters walikijaribu kisa hiki mara tatu. Katika kipindi cha mwaka 2004 walishindwa. Mwaka 2005 wanafunzi wa chuo cha MIT cha Marekani walipanga vioo 127, wakafaulu kuwasha umbo la jahazi la mbao lililokuwa nchi kavu, umbali wa mita 30 hivi. Basi wakaalikwa San Francisco kujaribu tena, safari hii kwa mashua halisi ya zamani ya uvuvi, na kipindi kikaonyeshwa mwaka 2006. Mbao zilitoa moshi na kuwa nyeusi, na mwali mdogo ulipatikana pale tu mashua iliposogezwa karibu. Mwaka 2010, kwa ombi la Barack Obama aliyekuwa Rais wa Marekani wakati huo, walijaribu kwa mara ya tatu wakiwa na watu 500 walioshika vioo. Tanga la mashua halikushika moto. Hukumu ikabaki ile ile, kwamba ni uzushi.

Funzo ni nini? Walipopingwa hawakutukana. Walirudia kazi, wakawapa nafasi waliowapinga, kisha wakakubali matokeo. Wangapi kati yetu tukipingwa darasani tunafanya hivyo?

Na tusisahau mwenye kutangulia. Al-Hasan Ibn al-Haytham alizaliwa Basra karibu na mwaka 965 Miladia na akafia Cairo karibu na mwaka 1040. Yeye pia aliandika risala kuhusu vioo vya kuunguzia, akieleza kwa hesabu jinsi umbo la kioo linavyokusanya mwanga mahali pamoja. Katika kitabu chake kikubwa, Kitab al-Manazir, aliwapinga wataalamu wa kale waliodai kwamba jicho hutoa miale ndipo likaona. Alieleza kwamba mwanga ndio unaotoka kwenye kitu ukaingia jichoni.

Alijuaje? Alijaribu. Aliweka taa kadhaa mbele ya tundu dogo la mahali penye giza. Kila taa ikatoa doa lake la mwanga ukutani. Alipofunika taa moja, doa lake peke yake likatoweka, na alipoifunua likarudi. Akapata hakika kwamba mwanga hupita kwa mstari ulionyooka, na kwamba mianga mingi hupita katika tundu moja bila kuchanganyika. Hapakuwa na mlipuko wala makelele. Palikuwa na taa, kitambaa cha kufunikia, na subira.

3. Lililo baya la kwanza: uongo wa kufurahisha

Sasa tazameni upande wa pili. Huko Uingereza, televisheni ya Sky ilionyesha kuanzia mwaka 2003 hadi 2008 kipindi kilichoitwa Brainiac: Science Abuse. Siku moja walionyesha madini ambayo yakitiwa majini huchemka na kutoa gesi inayowaka. Wanafunzi wa kemia mnayajua: sodiamu, potasiamu, rubidiamu na sesiamu. Mwalimu hufundisha kwamba kadiri unavyoteremka katika safu hiyo ndivyo madini yanavyozidi ukali. Basi watazamaji walingojea kwa hamu zamu ya sesiamu. Ilipotiwa ndani ya beseni la kuogea, beseni likalipuka vipande vipande. Watoto wakashangilia.

Mwaka 2006 gazeti la Guardian lilifichua kwamba lile halikuwa kweli. Walipotumia madini yenyewe hayakuwafurahisha, wakatega baruti wakalipua beseni kwa baruti hiyo.

Kwa nini madini yenyewe hayakulipua vile? Sodiamu na potasiamu ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea na kuwakia juu. Rubidiamu na sesiamu ni nzito kuliko maji, huzama. Tena chembe zake ni nzito, kwa hiyo gramu moja ya sesiamu ina chembe chache na hutoa gesi kidogo kuliko gramu moja ya sodiamu. Huo ndio ukweli, na ukweli huo una elimu nyingi kuliko baruti! Lau wangeonyesha matokeo yao na kuuliza "kwa nini?", mamilioni ya watoto wangejifunza jambo. Badala yake walifundishwa kosa, na wengine wamekwenda nalo hadi kwenye mtihani.

Mtume (S.A.W.) amemuonya kwa maonyo makali, tena kwa kukariri, yule anayesema uongo ili kuwachekesha watu. Zamani nikidhani maonyo hayo ni ya wasimulizi wa vichekesho barazani. Nilipojua habari ya beseni lile nikafahamu kwamba yanafika mbali zaidi. Picha nayo husema, na picha nayo huweza kusema uongo. Kwa hiyo mwanangu, usiseme "nimeona kwa macho yangu" kwa kitu ulichokiona kwenye kioo cha simu. Umeona alichotaka mwenye kamera ukione.

4. Lililo baya la pili: kuiga

Katika Suratul Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizo. Nao wanaofanya vituko hivi huwa na wazima moto, madaktari na nguo maalumu, vitu ambavyo kamera haivionyeshi sana. Mwezi Januari mwaka 2001, mvulana wa miaka 13 katika jimbo la Connecticut, Marekani, aliungua vibaya baada ya kuiga kituko cha moto alichokiona katika kipindi cha Jackass cha televisheni ya MTV. Yule aliyekifanya kwenye televisheni alikuwa amevaa nguo zisizoshika moto. Mvulana hakuwa nazo. Maneno ya kuonya yaliandikwa mwanzoni mwa kipindi, lakini moto haukuyasoma.

Na hata wenye ujuzi hukosea. Tarehe 6 Desemba 2011, wafanyakazi wa MythBusters walikuwa wakijaribu mzinga katika uwanja wa polisi wa kutegulia mabomu, karibu na mji wa Dublin, California. Walikuwa wamepanga mapipa ya maji na ukuta wa zege kuzuia risasi. Risasi ya chuma ikapita juu, ikaruka kilima, ikatoboa mlango wa mbele wa nyumba ya watu waliokuwa wamelala ndani, ikatokea ukuta wa nyuma, ikavuka barabara kuu, ikagonga paa la nyumba nyingine, na ikaishia ndani ya gari lililoegeshwa. Mwenyezi Mungu alisitiri, hakuumia mtu. Ikiwa wenye mahesabu, wahandisi na askari pembeni yao yaliwapata hayo, itakuwaje kwa mtoto mwenye kiberiti na chupa nyuma ya choo?

Wala tusidhani balaa hili ni la wageni peke yao. Mnaosoma lugha ya Kiarabu mmesikia jina la Imamu Ismail bin Hammad al-Jawhari, mwenye kamusi kubwa ya as-Sihah. Maulamaa wanaitegemea kamusi ile mpaka leo. Wanahistoria wanasimulia kwamba mwishoni mwa umri wake, mjini Nishapur, karibu na mwaka 400 Hijria, alipatwa na wasiwasi, akapanda juu ya msikiti, akajifunga mbawa za mbao, akawaambia watu kwamba atafanya jambo ambalo hakuna aliyemtangulia kulifanya. Akaruka, akaanguka, akafa. Allah amrehemu. Mtu aliyepima maneno ya Waarabu moja moja hakuyapima mabawa yake hata mara moja kabla ya kuruka.

5. Jibu nililopaswa kulitoa

Sasa nirudi kwa yule mwanafunzi wangu. Lau ningekuwa mwalimu mwema jioni ile, ningemwambia hivi.

"Swali lako ni zuri, mwanangu. Kinachompunguzia kasi mtu anayeshuka ni hewa inayozuiliwa na nguo ya mwavuli. Parachuti ya duara ya askari ina upana wa takriban mita 10. Mwavuli wa mama yako una upana wa mita 1. Upana umezidi mara 10, lakini eneo la nguo limezidi mara 100. Tena ukuta wetu una urefu wa mita 3, na mtu huanguka mita 3 kwa muda usiotimia sekunde 1. Atafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 27 kwa saa, kama baiskeli inayoteremka mlima. Mwavuli wa mvua hauwezi kukuzuia, nao utapinduka."

Kisha ningempa karatasi mbili za daftari. Nanyi fanyeni leo nyumbani, hapana hatari yoyote:

(a) Chukua karatasi mbili zilizo sawa. Moja ifinyange iwe kama mpira, ya pili iache kama ilivyo. Simama chini, si juu ya kiti, uziachie kwa pamoja kutoka mkono ulioinuliwa. Uzito wao ni mmoja. Ipi inafika kwanza? Kwa nini?

(b) Chukua leso ya mkononi, funga uzi katika kila pembe, na nyuzi zote nne uzifunge kwenye kijiwe kidogo. Iachie ikiwa imekunjuliwa, kisha iachie ikiwa imekunjwa. Rudia mara tano.

(c) Andika ulichokiona kila mara, hata kama hakikukupendeza. Katika kipindi kile kile cha MythBusters walipata kusema kwamba tofauti ya mchezo na sayansi ni kuandika. Hilo ni neno la kweli, na neno la kweli hupokewa kutoka kwa yeyote.

6. Nasaha kwa wanafunzi na wazazi

Mimi si mufti, na anayetaka hukumu ya kila kipindi awaulize masheikh. Lakini kwa yale tuliyokwisha kuyasoma, nasema haya:

Kwanza, wakati ni amana. Mtume (S.A.W.) ametuambia kwamba afya na faragha ni neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara ndani yake. Kipindi kisikutoe katika swala, wala kisikupe kuona yasiyofaa kuonwa.

Pili, mwanafunzi ukitazama, uliza maswali matatu: Ni nini hasa walichokijaribu? Walirudia mara ngapi? Na ni nini ambacho kamera haikunionyesha?

Tatu, kabla ya kujaribu chochote chenye moto, umeme, dawa, kimo au kitu cha kurushwa, mwambie mtu mzima. Mtume (S.A.W.) ametukataza kujidhuru na kuwadhuru wengine. Hata kumtisha Muislamu mwenzako kwa mzaha kumekatazwa. Basi usimwite mwenzako aje atazame "kitu kitakacholipuka".

Nne, wazazi wenzangu, keti na mtoto wako anapotazama, ingawa kwa robo saa. Ukimnyang'anya simu bila neno ataitazama kwa jirani. Akikuuliza jambo usilolijua, mwambie, "Sijui, tutamuuliza mwalimu." Imamu Malik (Allah amrehemu) alikuwa akisema sijui mbele ya watu, na heshima yake haikupungua.

Tano, walimu wenzangu, nami wa kwanza kati yenu: tusiseme "nyamaza" kwa swali. Mwenyezi Mungu katika Suratu Aali Imran, aya ya 190 na 191, amewasifu wenye akili wanaozifikiri mbingu na ardhi. Mtoto anayeuliza habari ya mwavuli na hewa ameshaanza kufikiri. Kazi yetu ni kumshika mkono, kabla mkono haujavunjika.

Yule mwanafunzi amepona, alhamdulillah. Alipofunguliwa hogo nilimwomba msamaha mbele ya darasa, kisha nikampa ile leso na kijiwe. Alirudia si mara tano bali mara ishirini, akaandika zote kwa hati mbaya, maana mkono ulikuwa bado mgumu. Daftari hilo limo katika kabati la madrasa. Atakaye na aje alione.

Maswali ya kujipima

1. Tumeamrishwa nini katika Suratul Hujurat, aya ya 6? Toa mfano mmoja wa habari uliyoipata katika simu ukaihakikisha.
2. Eleza jaribio la taa la Ibn al-Haytham. Alithibitisha nini?
3. Kwa nini sesiamu haikulivunja beseni? Na kosa la waliotega baruti ni lipi kwa mujibu wa mafundisho ya Mtume (S.A.W.)?
4. Upana wa duara ukizidi mara 3, eneo lake huzidi mara ngapi?
5. Fanya jaribio la leso, ulete matokeo yako yameandikwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, atukinge na uongo wa ulimi na wa macho, na awahifadhi watoto wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.